Mji Mdogo, Foleni Tano

Katika mwaka wa fedha wa 2016, hakuna nchi iliyotoa wakimbizi wengi waliopokewa Marekani kuliko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: zaidi ya watu 16,000. Wengi walitokea kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, na Kiswahili walikuja nacho. Ukiwatafuta leo hutawakuta wote kwenye majiji yanayoonekana kwenye sinema. Wako Abilene ya Texas, Bowling Green ya Kentucky, Missoula ya Montana, Lewiston ya Maine, na Winooski ya Vermont, mji wenye watu wasiozidi 8,000 hivi. Mashirika ya kupokea wakimbizi yalipenda miji ya namna hii kwa sababu mbili: kazi za viwandani hazikosekani, na kodi ilikuwa nafuu.

Sababu ya pili imekufa. Tangu janga la korona kodi za miji midogo zimepanda kama za kwingine, na nyumba zenyewe ni chache. Hapo ndipo kila mtu anapomwambia mwenzake maneno yaleyale: nenda kaombe Section 8. Mtu anakwenda, anajaza fomu, anaambiwa asubiri. Anasubiri miaka miwili, mitatu, mingine zaidi, akiamini kwamba ameshafanya lililo lake.

Hajafanya. Section 8 ni foleni moja kati ya tano, na katika mji mdogo mara nyingi ndiyo ndefu kuliko zote. Nne zilizobaki haziko kwenye dirisha moja, hazina fomu moja, na hakuna ofisa atakayekutajia zote kwa mkupuo. Nyingine ziko kwenye jengo unalolipita kila siku ukienda kazini.

Kwanza tuelewe kwa nini kuna foleni. Msaada wa chakula na bima ya afya ya wasiojiweza nchini Marekani ni haki ya kila anayetimiza masharti. Nyumba sivyo. Bunge la nchi hutenga fedha kila mwaka, na fedha zikiisha hata mwenye sifa zote hubaki nje. Ndiyo maana kati ya kaya nne zinazostahili, ni moja tu hivi inayopata. Afisa wa nyumba anapokwambia umekubaliwa lakini usubiri, hakuchezei. Umekubaliwa kuingia kwenye foleni, basi.

Mbili kati ya foleni tano ziko kwa mamlaka ya nyumba ya mji au kaunti. Mamlaka hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1937, na nchi nzima ziko zaidi ya 3,000. Zinamiliki nyumba za umma, na zinatoa vocha ya Section 8, iliyoanzishwa mwaka 1974. Nyumba ya umma ni jengo la mamlaka yenyewe. Vocha ni karatasi unayokwenda nayo sokoni kutafuta mwenye nyumba binafsi atakayekubali kulipwa sehemu na wewe na sehemu na serikali. Watu huzichanganya kwa kuwa ofisi ni moja, lakini orodha ni mbili. Ukiomba moja hujaomba nyingine, isipokuwa umeweka alama kwenye visanduku vyote viwili.

Foleni ya tatu ni ya majengo binafsi yenye mkataba na Wizara ya Nyumba. Humo ruzuku imeganda kwenye jengo: ukihama unaiacha. Baadhi ni ya wazee wa miaka 62 na kuendelea, na hili lifahamike, kwa sababu wako bibi na babu zetu wanaolala sebuleni kwa watoto wao huku jengo la wazee mtaa wa pili lina orodha ya wazi. Ya nne ni majengo yaliyojengwa kwa nafuu ya kodi ya mapato, mpango wa mwaka 1986. Ya tano, ambayo ni ya miji midogo hasa na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, haitoki Wizara ya Nyumba kabisa. Inatoka Wizara ya Kilimo.

Watu husikia hivyo wakacheka. Kilimo na nyumba vinakutana wapi? Vinakutana hapa: tangu miaka ya 1960 wizara hiyo imekuwa ikiwakopesha wajenzi kwa riba ndogo sana, chini ya kifungu cha 515 cha sheria ya nyumba, ili wajenge nyumba za kupangisha vijijini na katika miji midogo. Kwa kawaida ni miji yenye watu wasiozidi 20,000, na michache hadi 35,000. Kwa hiyo wenzetu wa Lewiston, mji wa watu 37,000, hawatayakuta majengo haya mjini kwao. Yako kwenye vimji vya jirani ambavyo mwenye gari hufika kwa nusu saa, na wengi hawajawahi kuvifikiria.

Utayatambua kwa macho. Ni majengo ya ghorofa moja au mbili, mengi ya miaka ya 1970 na 1980, nyumba ishirini au thelathini tu, maegesho mbele na chumba cha mashine za kufulia pembeni. Barabarani pana kibao chenye jina la jengo, na chini ya jina pana kinyumba kidogo kilichochorwa, ndani yake alama ya sawasawa. Kinyumba hicho maana yake ni usawa katika makazi. Hakithibitishi kwamba jengo ni la ruzuku, kwani hata mawakala wa nyumba za kawaida hukitumia, lakini ukikiona kwenye jengo la namna hiyo simama uulize. Mara nyingi ofisi utaikuta imefungwa. Meneja mmoja huweza kuhudumia majengo kadhaa ya kaunti, Jumanne huku, Alhamisi kule, na karatasi iliyobandikwa mlangoni ndiyo inayotaja saa na namba ya simu. Piga picha hiyo karatasi. Wizara ya Kilimo pia ina tovuti yenye orodha ya majengo yote, jimbo kwa jimbo na kaunti kwa kaunti, pamoja na simu ya kila meneja.

Meneja akipatikana, swali la kwanza lisiwe kama pana nafasi. Liwe hili: jengo lina nyumba ngapi zenye msaada wa kodi, na orodha yake ikoje? Kwa sababu ndani ya jengo moja la 515 wapangaji wawili wa milango inayotazamana huweza kulipa tofauti kabisa. Mwenye msaada wa kodi hulipa asilimia 30 ya kipato chake. Asiye nao hulipa angalau kodi ya msingi ya jengo, ambayo ni nafuu kuliko sokoni lakini haishuki akipoteza kazi. Wengi huingia bila msaada, kisha wakasubiri wakiwa ndani hadi nafasi ya msaada ipatikane. Si vibaya, mradi umejua tangu mwanzo.

Hiyo asilimia 30 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo moyo wa mambo yote haya, nayo haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1969 Bunge liliweka kikomo cha asilimia 25. Mwaka 1981 likapandisha hadi 30. Asilimia hiyo haikatwi kwenye mshahara mzima. Kuna makato kwanza. Chukua baba anayelipwa dola 17 kwa saa kwenye kiwanda cha nyama, saa 40 kwa wiki: dola 35,360 kwa mwaka. Ana watoto wanne. Kila mtoto hupunguza hesabu kwa karibu dola 480, kiwango ambacho sasa hurekebishwa mwaka hadi mwaka. Inabaki dola 33,440, na sehemu yake ya kodi, bili za umeme na maji zikihesabiwa humohumo, ni kama dola 836 kwa mwezi. Sasa tuseme mama naye anafanya kazi na wanamlipa mlezi wa watoto dola 300 kwa mwezi. Mshahara wa mama utaongezwa kwenye hesabu, lakini malipo ya mlezi yatakatwa, na hilo peke yake litashusha kodi kwa dola 90 kila mwezi. Mlezi akiwa shangazi anayelipwa mkononi bila risiti, dola 90 hizo zinapotea. Risiti ya mkono yenye jina, tarehe na sahihi inaweza kuziokoa.

Lisilokatwa ni fedha unayotuma nyumbani. Mtu anaweza kutuma dola 200 Uvira kila mwezi na nyingine Bujumbura kwa ada ya wadogo zake, na kwa macho ya hesabu hii fedha hizo bado ziko mfukoni mwake. Ni ukali usiojua ukoo ni nini, lakini kubishana nao dirishani hakusaidii. Upatu nao una mtego wake. Zamu yako ikifika na dola 3,000 zikaingia benki siku moja, karatasi ya benki itaonyesha kiasi kisicho na maelezo, na meneja atauliza. Barua fupi kutoka kwa wanachama, ikieleza nani alichanga kiasi gani na kwamba nawe ulikuwa ukichanga, iandaliwe kabla hajauliza.

Fomu yenyewe ina vijimambo vinavyowakwamisha watu wetu kuliko wengine. Kuna safu ya tarehe ya kuzaliwa: wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kambini, na karani akiona watu wanne wa kaya moja wamezaliwa siku moja hushuku udanganyifu. Usibadilishe kitu. Andika ilivyo kwenye hati ya kuingilia nchini na uiambatanishe. Kuna safu ya jina: kama hati moja inasema Mwamba Kasongo na nyingine Kasongo Mwamba, chagua mpangilio wa hati ya uhamiaji na uushike kila mahali. Kuna safu ya uhusiano na mkuu wa kaya, nayo ni nyembamba. Mtoto wa dada uliyemlea tangu akiwa mchanga ni mwanao kwetu. Kwenye fomu ni mpwa, naye huhesabiwa vizuri tu ukionyesha barua ya shule au ya zahanati kwamba anaishi kwako. Wanaomwandika mtoto wa kumzaa hujitafutia matatizo bila faida.

Kisha fomu inauliza wenye nyumba uliopanga kwao miaka mitatu au mitano iliyopita. Mtu aliyeishi Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 hajawahi kuwa na mwenye nyumba. Wengi huacha nafasi wazi, na fomu isiyokamilika huwekwa pembeni. Andika jina la kambi, wilaya ya Kasulu, na miaka. Badala ya mwenye nyumba ambatanisha barua ya shirika lililokupokea au ya msimamizi wako wa kazi.

Suala la hadhi ya uhamiaji linataka uangalifu. Sheria ya mwaka 1980 ndiyo inayotaja nani asiye raia anaweza kupata vocha na nyumba za umma: wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani wamo. Aliyewasilisha ombi la hifadhi na bado hajajibiwa, kwa kawaida hayumo. Kaya yenye mchanganyiko, mama ana kadi na mjomba hana, imekuwa ikipata ruzuku iliyopunguzwa kwa uwiano. Majengo ya nafuu ya kodi ya mapato hayafungwi na sheria hiyo, kwa hiyo ndugu wanaosubiri hukumu ya hifadhi, na wapo wengi Maine, wangeanzia huko. Mazingira ya uhamiaji tangu mwaka 2025 yamekuwa ya kubadilika mno. Kabla ya kusaini lolote linalohusu hadhi yako, muone mwanasheria wa msaada wa bure, si mwenyekiti wa jumuiya.

Majengo haya ya nafuu ya kodi ya mapato nayo yana tabia yake. Kodi imepangwa kwa kipato cha eneo, haiangalii chako. Ukipata kazi nzuri haipandi kwa ajili yako. Ukiachishwa kazi haishuki. Ugumu uko mlangoni: siku ya kuingia, kipato chako kisizidi kikomo. Wafanyakazi wa kiwandani huangukia hapa, kwa sababu saa za ziada za miezi miwili zinaweza kuhesabiwa kama utazifanya mwaka mzima. Ikiwa saa hizo zilikuwa za msimu, pata barua ya mwajiri inayosema hivyo. Ukishaingia, kupanda kwa mshahara wako hakukutoi. Tena sheria inamkataza mwenye jengo la aina hii kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha. Hapo foleni mbili hukutana, na kwa familia kubwa ndiyo njia nzuri kuliko zote ninazozijua.

Ninasema hivyo kwa kuwa vocha peke yake, katika mji mdogo, inaweza kukufia mkononi. Ukiipata unapewa siku zisizopungua 60 za kutafuta nyumba. Katika mji wenye nyumba 40 za kupangisha, zilizo wazi labda ni tatu. Mwenye nyumba ya kwanza hataki kusikia habari za serikali. Vermont na Maine zina sheria za kumkinga mwenye vocha, ilhali Texas ilizuia miji yake isitunge sheria kama hizo. Nyumba ya pili imejengwa kabla ya 1978, rangi inabanduka dirishani na wewe una mtoto chini ya miaka sita. Mkaguzi anahofia madini ya risasi, hapitishi. Ya tatu ni ndogo kwa watu saba. Siku zinakwisha. Omba nyongeza ya muda kwa maandishi kabla hazijaisha, ukiambatanisha majina ya nyumba ulizokwenda kuona. Ukisubiri hadi siku ya 61 umerudi mwisho wa foleni. Pia jiwekee akiba ya fedha ya dhamana, kwa maana vocha hailipi dhamana.

Na hapa niseme neno kwa waliotoka Dar es Salaam au Nairobi. Kule mwenye kodi ya miezi sita mkononi na dalali mzuri hakosi chumba. Huku nyumba za ruzuku hazina dalali. Anayekuambia umlipe ili akuingize kwenye orodha ya Section 8 ni tapeli, hata akiwa na tovuti yenye bendera. Kuomba vocha ni bure. Majengo binafsi huweza kutoza ada ya kukagua historia yako, na ada hiyo hulipwa ofisini kwao kwa risiti.

Je, mtu anaweza kuomba katika mji asioishi? Anaweza. Mamlaka hairuhusiwi kukukatalia ombi kwa sababu tu si mkazi, ingawa inaweza kuwatanguliza wakazi, na anayefanya kazi mjini humo, hata aliyeajiriwa tu na hajaanza, huhesabiwa pamoja na wakazi. Kwa hiyo barua ya kiwanda ina thamani mbili. Wapo wanaoomba kaunti za mbali zenye orodha fupi kwa nia ya kuchukua vocha na kuhama nayo. Ni halali, lakini mamlaka inaweza kukutaka ukae kwake miezi 12 kwanza, na mwaka mzima mbali na shule ya watoto na kanisa au msikiti si jambo dogo. Katika Maine kuna orodha ya pamoja ya vocha inayotumiwa na mamlaka nyingi za jimbo, ombi moja likaenda kote. Kwa nini kila jimbo lisifanye hivyo sijawahi kusikia jibu la kuridhisha.

Baada ya kuomba, kazi iliyobaki ni ya sanduku la barua. Kila baada ya muda ofisi husafisha orodha yake: inatuma barua kuuliza kama bado unahitaji, na inatoa siku chache za kujibu. Barua ni ya Kiingereza, bahasha ni nyeupe kama za matangazo, na inakwenda kwenye anwani uliyoandika siku ya kwanza. Waliohama bila kutoa taarifa hufutwa. Ninaamini watu wetu wengi zaidi huondolewa foleni kwa njia hii kuliko kwa kukosa sifa. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyosisitiza huduma kwa wasiojua Kiingereza ilifutwa Machi 2025, ingawa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kwa asili ya taifa, bado ipo. Omba mkalimani kwa maandishi, na namba 211, ambayo ndiyo ya kuulizia huduma za jamii karibu kote nchini, mara nyingi hupata mkalimani kwa simu. Usimpe mtoto wa darasa la saba kazi ya kukutafsiria mkataba wa pango. Akikosea neno moja kuhusu kutoa taarifa ya kipato, ni wewe utakayedaiwa: mamlaka hulinganisha ulichosema na kumbukumbu za mishahara za serikali, na deni kwa mamlaka moja huonekana kwa nyingine zote.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi na uombe mapitio ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua. Ni haki yako, na makosa ya majina na tarehe tuliyoyataja hurekebishwa hapohapo.

Bado kuna jambo la nchi nzima ambalo mwombaji mmoja hawezi kulitatua. Sheria ya mwaka 1998 ilizuia mamlaka zisiongeze nyumba za umma kupita idadi ya wakati ule. Majengo ya Wizara ya Kilimo hayajengwi mapya kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na mikopo ya zamani inafikia mwisho. Mkopo ukiisha, msaada wa kodi nao huisha, na mwenye jengo yuko huru kutoza bei ya soko. Mwaka 2024 Bunge liliruhusu majaribio ya kuutenganisha msaada na mkopo, lakini kwa nyumba 1,000 tu, wakati majengo haya yana nyumba kama 400,000. Zipo kaunti ambazo jengo la 515 ndilo pekee la kodi nafuu. Likitoka kwenye mpango, hakuna pa kukimbilia.

Kwa hiyo usisaini mkataba wa jengo hilo kabla ya kumuuliza meneja mkopo unaisha mwaka gani. Kama ni karibu, ingia, lakini jina lako lisitoke kwenye zile foleni nyingine nne.